Uzi Unaotoka kwa Mbwa

Mbwa wa manyoya mazito hana manyoya ya aina moja. Ukimpanulia mgongoni kwa vidole, utaona juu kuna nywele ndefu, nyoofu, zenye kung'aa, ambazo kazi yake ni kuzuia mvua, tope na jua. Chini yake, karibu na ngozi, kuna tabaka jingine la manyoya mafupi, laini mno, yaliyojipinda na kubanana, na hilo ndilo linalomtunzia joto. Zile za juu hudondoka moja moja mwaka mzima. Tabaka la ndani lina majira yake: baridi ikianza kukatika, linaachia ngozi karibu lote kwa muda wa wiki chache, na mtu ambaye hajawahi kuishi na mbwa wa aina hii anaweza kudhani mnyama ameugua.

Kwangu wako wawili. Pamba ni Samoyed, jike mweupe pe, uzao uliotoka Siberia kwa Wanenets, watu wanaofuga kulungu wa kaskazini na ambao mbwa wao walichunga mifugo na kuvuta sleji, vigari vya kuteleza juu ya theluji. Tembo ni wa milima ya Pyrenees, ile inayotenganisha Ufaransa na Uhispania, dume la kilo 50 na ushei. Tulimpata kwa mkulima wa mbuzi hapa hapa Bonde la Fraser, mkoa wa British Columbia, magharibi mwa Kanada. Mababu zake walilinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu na dubu, wakifanya kazi usiku bila mchungaji kuwaambia la kufanya, na damu hiyo bado inamchemka. Saa nane za usiku akisikia tawi limevunjika shambani kwa jirani, mtaa mzima utajua. Kila mguu wake wa nyuma una kidole cha ziada chenye makucha mawili, jambo la kawaida kwa uzao wake, na daktari wa mifugo ndiye aliyetufundisha kuyakata makucha hayo kwa sababu hayagusi ardhi na hayachakai yenyewe.

Mimi nilizaliwa Machakos. Kwetu mbwa alilala nje, akala makombo, akalinda boma, na hakuna aliyewahi kumchana. Ndiyo maana naelewa kabisa jamaa zangu wanapoona picha za Tembo amejinyoosha kwenye zulia la sebuleni na kuniuliza kama akili zangu ziko salama. Kuishi na mbwa wakubwa wa manyoya ndani ya nyumba ni kazi, na sitaki mtu yeyote aingie humo kwa kuvutiwa na picha. Manyoya yanaingia kwenye chai. Yanajisokota yenyewe chini ya kitanda. Yanaziba kichujio cha mashine ya kufua, yanashika kwenye sare yangu ya kazi (nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na sare ni za rangi ya buluu iliyoiva), na ukimwandalia mgeni ugali uwe umefunika sufuria tangu mwanzo. Mashine ya kufyonza vumbi ya bei rahisi haimalizi majira mawili. Majira ya joto mbwa hawa wanahitaji kivuli na maji, matembezi yao yawe alfajiri, na usithubutu kuwanyoa ukidhani unawasaidia. Lile tabaka la nje linawakinga na jua, na likinyolewa mara nyingine halioti tena kama lilivyokuwa. Linakuja limechakaa, lenye mabaka, na linashika maji badala ya kuyatiririsha.

Kuna nafuu moja tu, nayo ni kuwachana kila siku. Hapo ndipo uzi unapoanzia.

Nina vifaa viwili. Kimoja ni chanuo la meno marefu ya chuma linalofika hadi tabaka la ndani, kingine ni brashi pana ya meno ya waya membamba. Nafagia kwanza kwa mkono uelekeo wa manyoya nione kama kuna majani au miba, halafu napasua mstari kuanzia paja, nashikilia manyoya ya juu kwa kiganja cha kushoto na kuchana yaliyo chini yake kidogo kidogo. Wiki ile manyoya yanapoachia, chanuo halihitajiki hata kidogo. Unashika fungu kwa ncha za vidole, unavuta bila nguvu, na linatoka lote likiwa zima, lenye joto la mwili, jepesi kiasi kwamba ukilipulizia linaondoka mkononi. Pamba analala ubavu na kufumba macho. Ukiacha, anakugusa kwa mguu.

Si manyoya yote yanafaa uzi. Ya mabegani, mgongoni na ubavuni ndiyo bora, kwa sababu ni safi na yana urefu unaolingana. Ya nyuma ya mapaja ni marefu zaidi, lakini yamechanganyika sana na nywele ngumu. Ya tumboni yanagusa kila kitu ambacho mbwa analalia, kwa hiyo mengi hayafai. Urefu ndio unaoamua: manyoya ya sentimita 5 au zaidi yanasokotwa yenyewe bila shida kubwa, ya sentimita 3 yanahitaji kuchanganywa na sufu ya kondoo, na mafupi zaidi ya hapo ni ya kujazia mito. Usikate kwa mkasi ili upate mengi. Ncha iliyokatwa inachoma ngozi ya mvaaji, na mbwa hakuotesha manyoya kwa ajili yako. Kinachodondoka kinatosha.

Nahifadhi kwenye mifuko ya karatasi au foronya kuukuu, kamwe si kwenye nailoni, maana unyevu kidogo tu ukibaki ndani yanaota ukungu na kushikana. Hewa ya huku ina maji. Nondo nao wanapenda manyoya ya mbwa sawasawa na wanavyopenda sufu ya kondoo, kwa hiyo kila mfuko uliojaa unalala kwenye friza siku kadhaa kabla ya kupanda rafuni.

Zamani watu wa hapa walikuwa wakitundika mafungu ya manyoya kwenye miti ili ndege wajengee viota. Ni wazo zuri lililoharibiwa na dawa. Mbwa wengi leo wanapakwa dawa za viroboto na kupe, na dawa hiyo inabaki kwenye manyoya. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa viota vya ndege wadogo vilivyotandikwa manyoya ya wanyama. Walikuta sumu za wadudu zilizo kwenye dawa hizo, na kadiri sumu ilivyokuwa nyingi ndivyo mayai na makinda waliokufa walivyokuwa wengi. Kwangu hakuna unyoya unaotupwa nje, na nisingependa mtu yeyote afanye hivyo kama mbwa wake anapakwa dawa.

Kuosha ndiko kunakowatisha watu, na swali ni lile lile: harufu je? Harufu ya mbwa inatoka kwenye mafuta ya ngozi na vijidudu wanaoyala, si kwenye unywele wenyewe, na mafuta hayo yanatoka kwa maji moto na sabuni ya vyombo. Natia manyoya kwenye mfuko wa wavu, nautumbukiza kwenye beseni la maji yaliyo moto kuliko mkono unavyoweza kuvumilia, nausukuma chini kwa mwiko, halafu naondoka. Hakuna kukoroga, hakuna kufikicha. Joto, sabuni na msuguano vikikutana manyoya yanashikana na kuwa bonge ambalo hakuna chanuo litakalolitoa. Maji ya kwanza yanatoka ya kahawia hata kama mbwa anaonekana mweupe. Narudia hadi yawe maangavu, nikilinda joto la maji lisibadilike ghafla, na maji ya mwisho natia siki kidogo. Kisha naanika ndani ya nyumba kwenye wavu. Nje, upepo mmoja tu utakupokonya kazi ya mwezi.

Kondoo ana mafuta mengi kwenye sufu yake, lanolini, na ukimwosha uzito wa sufu unapungua sana. Mbwa hana mafuta ya namna hiyo, kwa hiyo unachopima kabla ya kuosha na unachopima baada havitofautiani mno. Ubaya wake ni kwamba manyoya makavu ya mbwa yanarukaruka yenyewe kwa umeme wa msuguano, yanapanda mikononi, usoni, puani. Nanyunyizia maji yenye matone machache ya mafuta ya nazi na kuacha usiku kucha. Asubuhi yametulia.

Aliyenifundisha gurudumu la kusokotea ni jirani yangu, bibi aliyefuga kondoo maisha yake yote na ambaye nyumbani kwake hakuna kiti kisicho na kikapu cha sufu pembeni. Aliniambia tangu mwanzo kwamba uzi wa mbwa hauna subira ya uzi wa kondoo. Unywele wa kondoo una magamba yanayonasana na mikunjo inayoufanya uvutike na kurudi. Manyoya ya mbwa yanateleza. Usipoyapa msokoto wa kutosha, uzi unaachana mikononi. Ukiyapa mno, unakuwa mgumu na ule ulaini wote unapotea. Kwanza nayachana kati ya brashi mbili za meno madogo hadi nywele zote zielekee upande mmoja, nayaviringisha yawe mviringo mwepesi, ndipo nayalisha kwenye gurudumu kidogo kidogo, mkono wa kushoto ukivuta nyuma na wa kulia ukilinda msokoto usikimbilie mbele. Nyuzi mbili zikishajaa nazisokota pamoja kwa kuzungusha gurudumu kinyume. Mwisho naloweka shada zima katika maji moto, nalikamua ndani ya taulo na kulitundika. Hapo ndipo uzi unapofunguka. Unatoka majini ukiwa mwembamba wa kawaida, ukikauka unavimba, na vinyweleo vinasimama pande zote kama vumbi la mwanga kuzunguka uzi.

Watu wa hapa wanauita chiengora. Ni wa joto sana. Kofia inatumia gramu 100 hivi, na ndiyo kitu cha kwanza ningemshauri mtu afume, au mafla. Sweta ya manyoya matupu ya mbwa siipendekezi: uzi hauna mvutiko, kwa hiyo viwiko vinatoka, mabega yanashuka, na ndani ya basi utayeyuka. Kwa sweta nachanganya sehemu moja ya sufu ya kondoo kwa mbili za Pamba, na umbo linakaa.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayefuma kwa uzi huu: usimpe mtu zawadi bila kumwambia umetoka wapi. Nina rafiki kutoka Mombasa, Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwa madhehebu yake mbwa ni najisi, manyoya yake pia. Kumfungia mafla ya Pamba kimyakimya kungekuwa kumvunjia ibada. Yeye namfumia ya kondoo tupu, na vyombo vyangu vya kuchania sufu yake ni vingine kabisa. Kila shada ninalotoa nyumbani lina karatasi yenye jina la mnyama.

Nilipoanza nilidhani nafanya jambo geni. Kumbe ardhi hii ninayoishi iliwahi kuwa na mbwa waliofugwa kwa ajili ya sufu na si kingine, na tangu nilipojua habari zao sijaweza kuketi kwenye gurudumu bila kuwafikiria.

Mwezi Mei 1792 nahodha Mwingereza George Vancouver, ambaye jina lake ndilo la jiji kubwa la mkoa wetu, alitia nanga Puget Sound, karibu na ilipo Seattle leo. Katika maandishi ya safari yake alieleza mbwa wengi aliowakuta kwa wenyeji: wamefanana na mbwa wa manyoya wa Pomerania, Ulaya, ila kwa jumla ni wakubwa zaidi, na wote wamekatwa manyoya hadi karibu na ngozi namna kondoo wanavyokatwa kwao Uingereza. Manyoya yenyewe yalishikana kiasi kwamba alinyanyua fungu kubwa kwa kushika pembe moja tu na halikuachana. Aliona mchanganyiko wa sufu ya kukwaruza na nywele ndefu laini, akaandika kwamba zinafaa kusokotwa uzi.

Walikuwa mbwa wa Wasalish wa Pwani, mataifa mengi yanayoishi kuanzia hapa British Columbia hadi jimbo la Washington, Marekani. Wenye mbwa walikuwa wanawake. Waliwatenga kwenye visiwa vidogo au ndani ya vizimba ili wasichanganyike na mbwa wa kawaida wa kijijini, wakawalisha samaki, wakawakata manyoya, wakayachanganya na sufu ya mbuzi wa milimani na nyuzi laini za mimea. Walitwanga humo unga wa udongo mweupe ili kunyonya mafuta. Kisha waliyaviringisha kwenye paja kwa kiganja hadi yawe kamba nene iliyolegea, ndipo yakaenda kwenye kijiti kikubwa chenye kisahani cha mbao kilichochongwa kwa ustadi. Mablanketi yaliyotoka humo yalikuwa mali. Yalivaliwa kwenye ndoa na katika kupewa majina, yaligawiwa hadharani kwenye sherehe kubwa, na hadhi ya ukoo ilionekana humo.

Wataalamu wa nje walibishana miaka mingi kama kweli kulikuwa na manyoya ya mbwa ndani ya mablanketi hayo, ingawa wazee wa Kisalish walishasema yamo. Mwaka 2011 uchunguzi wa protini ulioongozwa na Caroline Solazzo uliyakuta katika mablanketi ya zamani, yamechanganywa na sufu ya mbuzi. Taasisi ya Smithsonian huko Washington D.C., mji mkuu wa Marekani, ina ngozi ya mbwa mmoja wa uzao huo, aliyeitwa Mutton, mali ya George Gibbs, aliyekuwa akifanya kazi na msafara wa kupima mpaka ambao leo ni wa Kanada na Marekani. Mutton alikufa mwaka 1859 na ngozi yake ikakaa kwenye droo zaidi ya karne na nusu. Desemba 2023 timu iliyoongozwa na Audrey Lin ilichapisha katika jarida la Science matokeo ya kusoma vinasaba vyake, wakishirikiana na wazee na wafumaji wa Kisalish. Uzao huu ulikuwa umejitenga na mbwa wengine kwa maelfu ya miaka, labda hadi miaka 5,000. Na ingawa Mutton aliishi wakati mbwa wa Wazungu walikuwa wamejaa pwani nzima, asilimia 85 hivi ya damu yake ilikuwa ya mbwa waliokuwako kabla ya wageni kufika. Maana yake hadi dakika ile kuna mwanamke, au wanawake, waliokuwa bado wanalinda uzao.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mablanketi ya bei nafuu ya Hudson's Bay, kampuni ya biashara ya Waingereza, ndiyo yaliyoua kazi hii: wanawake waliona kuna njia rahisi, wakaacha. Wazee waliozungumza katika utafiti ule wanaeleza mengine. Ndui iliua watu vijiji kwa vijiji. Wamisionari na serikali waliupiga vita utamaduni wote, na familia zililazimishwa kuachana na mbwa wao. Kuanzia 1885 hadi 1951 sheria ya Kanada ilizikataza zile sherehe ambamo mablanketi yaligawiwa. Mimi nawaamini wazee. Aliyerithi mbwa kutoka kwa mama yake, akawavulia samaki kila siku na kuvuka maji kwenda kuwalisha kisiwani, hawezi kuwaacha kwa sababu tu dukani kuna blanketi. Nimekulia kwa mwanamke anayefanya kazi ya mikono na najua jinsi asivyoiacha.

Mbwa wenyewe hawakurudi, lakini ufumaji umerudi. Wanawake wa Musqueam, ambao ardhi yao ndimo lilimo jiji la Vancouver, waliufufua katika miaka ya 1980, na Debra Sparrow, mmoja wa wafumaji hao, alikuwa miongoni mwa walioshiriki utafiti wa Mutton. Ukitua uwanja wa ndege wa Vancouver utaona kazi yao imetundikwa, kubwa, ya rangi zilizokolea. Pamba si mbwa wa Wasalish, na uzi wangu siuiti wa Kisalish. Ila nilipomsoma yule nahodha na nilipofika kwenye habari ya kusokota juu ya paja, nilijua naangalia kitu ambacho nimekiona utoto wangu wote.

Mama yangu anasuka viondo, vikapu vya Kikamba. Sijawahi kumwona amekaa bure. Njiani kwenda sokoni alikuwa akitembea na fungu la nyuzi za katani kwapani, akisokota kwa vidole. Nyumbani alikaa chini, akanyoosha mguu, akapandisha leso juu ya goti na kusokota juu ya paja hadi giza liingie. Alikuja kutuona binti yetu alipozaliwa, akakaa nasi hadi manyoya yalipoanza kudondoka. Siku za mwanzo hakumgusa Tembo hata kwa ukucha. "Mwanangu," aliniuliza, "huyu analala humu humu na mtoto?" Tembo naye, kama mbwa wote wa kulinda mifugo, alikuwa ameshaamua kwamba mtoto ni wa kulindwa, akalala mlangoni pa chumba na kumtazama mama kila alipopita. Waliheshimiana kwa mbali.

Siku moja alinikuta nachambua. Alichukua fungu la Pamba, akalivuta kati ya vidole gumba, akalinusa.

"Sufu hii mnainunua wapi?"

"Ni ya Pamba, mama."

Alinyamaza. Halafu akanyoosha mkono kwenye ndoo nilimotia nywele ngumu za Tembo, zile za juu, ambazo kila msokotaji wa hapa hutupa kwa sababu zinachoma shingo. "Na hizi?"

"Hizo natupa."

"Unatupa?"

Alikaa sakafuni, akapandisha leso. Kwetu hupaka jivu kidogo mguuni ili uzi usiteleze. Hapa alichukua poda ya mtoto, akajipaka. Alitenga mafungu mawili membamba, akayalaza pajani yakiwa na nafasi ya kidole katikati, akayasukuma kwa kiganja kutoka nyonga hadi karibu na goti kwa pigo moja. Kila fungu lilijisokota kivyake. Bila kuinua kiganja aliyasogeza yagusane, akarudisha mkono nyuma, na yale mawili yakajipinda pamoja yakawa uzi mmoja. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Uzi ulipokaribia kwisha aliongeza nywele kwenye ncha kabla haijafika mwisho, ndiyo maana hapakuwa na fundo lolote. Kanuni yote ya gurudumu langu, kusokota upande mmoja na kuunganisha kwa upande wa pili, ilikuwa pale kwenye paja lake, na kasi yake ilikuwa kubwa kuliko yangu ya miezi ile yote. Alivuta uzi kwa mikono miwili kwa nguvu. Haukukatika.

"Huu si wa kuvaa," alisema. "Huu ni wa kiondo."

Mama haendi safari bila katani, kwa hiyo sandukuni mwake kulikuwa na kamba za kutosha za mtande, yaani zile za kusimama. Alianza kitako kama kawaida yake, kamba zikipishana katikati, halafu akazungusha nyuzi za Tembo mbili mbili, moja ikipita mbele na nyingine nyuma ya kila kamba, zikibadilishana, akikaza kila mzunguko kwa ukucha. Tembo ana mabaka ya kijivu na kahawia kuzunguka masikio, na mama alikuwa amezitenga nywele hizo bila kuniambia. Zikatoa mstari wa rangi karibu na mdomo wa kiondo bila tone la rangi ya dukani. Kile kilichokuwa kasoro kwenye mafla, uzi usiovutika na nywele zisizolainika, kilikuwa ndicho kiondo kinachotaka. Hakilegei. Maji ya mvua yanapita juu yake. Bibi jirani alikuja kukiona, akakipindua ndani nje, akakaa na mama sakafuni mchana wote. Mmoja anasema Kiingereza na mwingine Kikamba, nami nikitafsiri pale tu walipokwama, yaani mara chache.

Tangu hapo sitenganishi tena manyoya mazuri na mabaya. Natenganisha ya kuvaa na ya kusuka. Ndoo ya Tembo ina kifuniko sasa, na ikijaa naosha na kumtumia mama kwa mkono wa mtu anayesafiri, baada ya kuhakikisha masharti ya forodha ya bidhaa za wanyama. Mama ameshawaonyesha wenzake wa kikundi. Wawili walikataa kushika. Wengine wanataka kujua kama kuna mbwa wa namna hiyo karibu.

Wapo. Nairobi kuna mbwa wengi aina ya German Shepherd, na hao wana tabaka la ndani linalodondoka kwa wingi ingawa wenye mbwa hulifagia na kulichoma pamoja na takataka. Ni fupi, mara nyingi sentimita 3 au 4, rangi yake kijivu hadi ya mchanga, kwa hiyo lichanganywe nusu kwa nusu na sufu ya kondoo. Sufu si ya kuagiza mbali: Nanyuki wanawake wanasokota na kufuma sufu ya kondoo tangu 1977, na ukiwatembelea utajifunza kutumia brashi za kuchania kwa mchana mmoja. Wale mbwa wadogo weupe aina ya Japanese Spitz wanaouzwa mijini siku hizi wana manyoya yanayokaribia ya Pamba kwa ulaini, ila mbwa ni mdogo na utakusanya muda mrefu kabla ya kupata ya kofia. Chana mbwa akiwa mkavu, baada ya kuoga na kukauka kabisa. Kama amepakwa dawa ya kupe hivi karibuni, subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya kumshika kwa mikono mitupu. Na zile nywele ndefu nyeusi za mgongoni ziwekwe kando, maana kwa kiondo mstari mweusi hupatikana kwa shida bila kuchovya rangi.